Usiku wa Hidaya maji yalikuwa mafu

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 nilishinda na simu mkononi, na jua lilipozama sikuiweka chini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa siku kadhaa mfululizo: kimbunga Hidaya kinakuja, kinaelekea Mafia. Vyombo vya kwenda Zanzibar vilisimamishwa. Mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, watu walifunga maduka mapema. Mimi nilikuwa namuwaza shangazi. Nyumba yake iko delta ya Rufiji, mwendo wa mashua kutoka Nyamisati, ikitazamana na Mafia. Kati yake na Bahari ya Hindi hakuna ukuta, hakuna jabali wala kilima. Kuna mikoko.

Simu ilishika saa nne usiku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona hujalala?"

Nikamuuliza hali. Akasema upepo mkali, paa la jiko limekwenda, mvua haina adabu, lakini mashua zote wameshaziingiza mikokoni tangu mchana. Halafu akasema jambo ambalo sikulisikia kwenye taarifa yoyote ya habari siku ile: "Tumshukuru Mungu, mwezi una siku ishirini na tano. Maji haya mafu. Kingekuja na bamvua, mngetutafuta."

Nilihesabu baadaye, na alikuwa sahihi. Ilikuwa Mfungo Mosi, siku ya ishirini na tano tangu tule Iddi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu yanapanda na kushuka kwa tofauti inayokaribia mita nne. Maji mafu, yale ya siku za katikati, tofauti yake haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo bahari ile ile, chini ya kimbunga kile kile, ingeweza kuwa juu zaidi ya mita moja kuliko ilivyokuwa. Na usiku ule Hidaya yenyewe iliishiwa nguvu ilipofika Mafia. Nayasema haya mapema kwa sababu nitakayoandika hapa yanasifu mikoko, na sitaki mtu adhani naipa sifa isiyokuwa yake. Hidaya ilichoka, maji yalikuwa mafu, na mikoko ikafanya kazi yake. Mambo matatu kwa pamoja.

Hata hivyo, ile kazi yake naijua kwa karibu.

Mtu ambaye hajaona mashua ikifichwa mikokoni anaweza kudhani ni kusogeza chombo pembeni tu. Unaingia na maji yanayojaa, kwenye kijimkondo chembamba kiasi kwamba matawi yanakukwaruza mabega pande zote mbili. Unatafuta mikoko iliyokomaa, ile ambayo mizizi yake imetoka juu kwenye shina na kushuka topeni kama miguu ya buibui. Kamba hufungi kwenye mti mmoja. Unagawa, minne au mitano, huku na huku, na kila kamba unaiachia ulegevu wa kutosha ili chombo kipande na kushuka na maji bila kujigonga. Babu alitufundisha tufunge kwenye mzizi, tusifunge kwenye tawi, maana tawi hukatika. Ukimaliza unashuka, unarudi nyumbani kwa miguu ukizama topeni mpaka magotini, na kila ukichomoa mguu unasikia tope likiuvuta kama halitaki uende.

Kinachonishangaza mpaka leo ni ule ukimya. Nje kwenye mdomo wa mto mawimbi yanavunjika na kelele zake zinakufikia. Lakini mle ndani maji yanapanda tu, taratibu, kama maji ya chai kwenye kikombe. Niliwahi kukaa ndani ya mtumbwi mle siku ya upepo wa kusi nikiwa na miaka kumi hivi, na nikamuuliza babu mawimbi yamekwenda wapi. Akanionyesha mizizi kwa kidole. Hakuongeza neno.

Asubuhi ya Jumapili baada ya Hidaya, vyombo vyote vilivyoingizwa ndani vilikuwa palepale. Ngalawa mbili zilizoachwa upande wa pili wa kijiji, pale ambapo mikoko ilikwisha zamani, moja ilikutwa matengo yake ya ubavuni yamevunjika, na ya pili haikuonekana tena.

Babu alichonionyesha kwa kidole, wataalamu wamekipima. Waliokusanya vipimo vya nchi mbalimbali walikuta kwamba mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi ya upepo kwa kati ya asilimia 13 na 66. Tofauti ni kubwa kwa sababu mikoko haifanani, wala maji hayawi na kina kimoja kila siku. Mlilana ndio unaotangulia mbele kabisa, unaopokea bahari usoni. Mizizi yake ya kupumulia imesimama topeni kama vigingi vilivyochongwa. Nyuma yake unakuja mkoko wenyewe na ile miguu ya buibui. Ndani zaidi utakuta msinzi na mkandaa, na kule ambako maji hufika siku za bamvua peke yake utakuta mchu na mkomafi. Wimbi likiingia linakutana na kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja analinyang'anya kidogo. Tope nalo, lililonaswa na mizizi hiyo mwaka baada ya mwaka, limeinua sakafu, kwa hiyo wimbi linakwaruza chini pia.

Kuna kitu cha pili ambacho kimbunga huleta, na hiki ndicho kinachoua watu wengi: bahari yenyewe kuinuka na kuingia nchi kavu, ikisukumwa na upepo. Hapo mita 100 hazitoshi. Vipimo vinaonyesha maji ya namna hiyo hupungua kina kwa sentimita 5 mpaka 50 kwa kila kilomita ya mikoko. Kilomita. Ndiyo maana nakasirika nikisikia kiongozi au mwenye hoteli akisema mikoko ipo, haijaisha, huku akionyesha mstari wa miti miwili mitatu ulioachwa mbele ya uzio. Mstari ule utapoza mawimbi ya kawaida na utapendeza kwenye picha. Bahari ikiinuka utapitwa kama ufagio uliosimamishwa mlangoni. Delta ya Rufiji ina hekta zinazokaribia 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na nguvu yake iko kwenye huo upana.

Mbele ya mikoko kuna walinzi wengine, na wao nawapa aya moja tu ingawa wanastahili zaidi. Miamba ya matumbawe huvunja kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Hesabu hiyo inatokana na tafiti za bahari nyingi za dunia, na ukisimama upande wa mashariki wa Mafia maji yakipwa utaielewa bila kusoma: kelele na povu vyote viko mbali, kwenye mstari mweupe, na ufukweni watoto wanaokota chaza. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995. Kila mwamba uliolipuliwa kwa baruti ili kupata samaki wa siku moja ni pengo kwenye mstari huo, na pengo halijengwi kwa mwaka wala miaka kumi.

Kuna wanaosema vimbunga si vya kwetu, ni vya Msumbiji na Madagaska. Kweli ni nadra, lakini wazee wetu waliviona. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, enzi za Sultani Barghash, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa na kuzamisha vyombo bandarini. Mwaka 1952 kingine kiliingia Lindi. Hidaya ilipodhoofika, mvua yake ilikata barabara ya Kusini maeneo ya Kilwa, na magari yakalala njiani siku kadhaa. Kile kilikuwa kimbunga kilichochoka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mikoko ile iliyokwisha upande wa pili wa kijiji haikuliwa na bahari. Tuliikata sisi.

Boriti zimekatwa delta kwa karne nyingi, na sitaki kujifanya kwamba zamani watu walikuwa malaika. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakapakia boriti Rufiji na Lamu, yakarudi Arabuni na kusi. Ingia nyumba yoyote ya kale Mji Mkongwe au Lamu upime upana wa chumba: ni mwembamba, mita mbili na nusu, tatu hivi, kwa kuwa urefu wa boriti ndio ulioamua. Oman na nchi za Ghuba wamelala chini ya mikoko yetu vizazi na vizazi. Magome ya mkandaa nayo yalisafirishwa kwa ajili ya kulainisha ngozi. Lakini wakata boriti wa zamani walikuwa wakichagua: huyu ni wa fito, huyu wa pau, huyu amefikia boriti, huyu muache. Msitu ulibaki msitu.

Mpunga ndio uliofyeka. Ba'mdogo wangu mwenyewe alikuwa mmoja wa waliofyeka, na sina mdomo wa kumlaumu, maana mchele ule umenisomesha. Walichagua upande wa kaskazini wa delta, ambako maji matamu ya mto yalikuwa yanasukuma chumvi. Wakafyeka, wakachoma, wakainua tuta la udongo kuzuia maji ya bahari, wakasimika madungu ya kukaa kuchunga. Miaka ya mwanzo mpunga ulistawi mtu akashindwa kuubeba. Kisha kaa wakaanza kukata miche usiku, magugu yakazidi, chumvi ikapenya, na mavuno yakashuka mpaka yakawa hayalipi jembe. Wengine wakahama kwenda kufyeka mbele. Shamba la ba'mdogo likabaki wazi nyuma ya tuta lake, maji hayaingii wala hayatoki, udongo umepasuka, hakuna mpunga na hakuna mkoko. Sisi tunapaita jangwa. Neno hilo limekuwepo delta tangu zamani kwa zile sehemu tupu zenye chumvi katikati ya mikoko, sasa tumetengeneza la kwetu.

Yakaja ya kupanda upya. Miaka michache kabla ya Hidaya, taasisi moja ilifika kijijini na fulana, mabango na mpiga picha. Sitaitaja. Tulipanga mstari, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na fungu lake la mbegu za mkoko, zile ndefu za kijani ambazo huchipua zikiwa bado mtini na ukizichomeka topeni zinasimama zenyewe. Tatizo ni pale tulipoambiwa tuzichomeke: kwenye kichanga cha mbele kabisa, upande wa bahari, kwa sababu palikuwa wazi na panaonekana vizuri kwenye picha. Shangazi alisimama karibu yangu, akanong'ona, "Hapa pa mlilana hapa. Mkoko hautakaa." Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona kama ni adabu kumkosoa mgeni mbele ya watu. Tulipanda siku nzima. Tulipewa soda na nauli. Kusi ilipoingia ikafagia kila kitu, na kwa mwezi mzima watoto walikuwa wakiokota zile mbegu ufukweni wakichezea.

Nina hakika ripoti ilitaja idadi ya miche iliyopandwa. Hakuna aliyerudi kuhesabu iliyobaki, na mimi ningependa sheria ndogo tu: fedha ya mradi wa mikoko ilipwe kwa miti iliyo hai mwaka wa tano.

Inawezekana. Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, mikoko ilifyekwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kupanda tena, na waliendelea kurudi kupima, mwaka baada ya mwaka, wajue upi umeishi na upi umekufa na kwa nini. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117, wanauza hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu, na fedha inarudi kwenye maji ya kunywa na shule zao. Miaka michache baadaye jirani zao wa Vanga, mpakani na Tanga, wakafuata. Hekta 117 ni kidogo mno ukilinganisha na Rufiji. Ninachokitamani kwao ni kile kurudi. Mti wa mkoko unataka mtu anayerudi.

Unataka pia watu wa bara wautazame. Hili nimelielewa kwa kuchelewa. Mwache, karibu na Mombasa, mikoko haikukatwa na mtu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya juu, ukafukia mizizi ya kupumulia, na miti ikafa ikiwa imesimama. Mlinzi wa bahari aliuawa na mlima usiokuwa na majani. Kwetu hofu inaelekea upande mwingine. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, mitambo yake ni ya megawati 2,115, na umeme huo nautumia kama kila mtu. Lakini bwawa linapozuia maji linazuia na tope, na delta imejengwa kwa tope hilo, punje kwa punje. Bahari inapanda; mikoko inapanda nayo ikiwa inalishwa udongo. Ikinyimwa, itazama taratibu na hakuna atakayejua siku gani. Aprili ile ya 2024, mwezi mmoja kabla ya Hidaya, Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji, mashamba na nyumba. Wazee wa huko wanayajua mafuriko, wana hata kilimo chake, mlau, cha kupanda maji yakianza kupungua. Wasichokijua ni kalenda ya maji yanayofunguliwa na mtu. Naomba wanaoendesha bwawa wakae na wakulima na wavuvi wa chini, wapange kiasi gani kiachiwe na lini, na tope nalo liwe kwenye hesabu kama megawati zilivyo kwenye hesabu.

Hapa Dar napita Jangwani karibu kila siku. Bonde la Msimbazi lilikuwa pa kupumzikia maji yanayotoka vilima vya Pugu, nyasi na matete yakiyachelewesha kabla ya kufika kwenye mikoko ya Selander. Tukajenga ndani yake. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya arobaini, na waliopoteza nyumba wakapelekwa Mabwepande. Sasa linajengwa daraja refu, na ni sawa lijengwe. Ila kila masika nikiona mchanga ulivyojaa barabarani pale, namkumbuka shangazi akisema hapa pa mlilana hapa. Bonde nalo lina mwenyewe.

Nilikwenda kumsalimia Iddi ya mwaka 2025. Mwezi ulikuwa umeandama usiku wa kuamkia Iddi, bamvua, tena ile bamvua kubwa ya mwezi Machi ambayo huingia mpaka njiani. Siku ya Iddi pili, alasiri, shangazi aliniambia nivae viatu vya zamani nikaone kitu.

Akanipeleka kwenye shamba la ba'mdogo. Mafuriko ya Aprili mwaka uliotangulia yalikuwa yamebomoa tuta, tobo la kama hatua sita, na hakuna aliyeliziba kwa sababu hapakuwa na la kulinda. Tangu hapo maji ya bahari yanaingia na kutoka. Saa kumi tulisimama juu ya kipande cha tuta kilichobaki tukayaona yakija: kwanza ulimi mwembamba wenye povu la kahawia, kisha vijiti, majani, ganda la nazi, kisha maji yenyewe, yakienea juu ya udongo uliokuwa umepasuka. Na ndani yake, bila mpangilio wowote, michu. Midogo, majani yake yana zile chembechembe za chumvi zinazong'aa ukiyaelekeza juani. Mingine ilinifika magotini. Hakuna mtu aliyeipanda. Mbegu zilipita kwenye tobo na maji, zikakaa pale zilipopapenda. Nilijaribu kuihesabu nikafika mia moja na kitu, maji yakaifunika ile mifupi.

"Na mlilana?" nikamuuliza.

"Mbele kule kwenye kichanga, pale mlipopanda. Mitatu. Nimeiwekea kijiti watu wasiikanyage."

Ba'mdogo alitukuta tukiwa bado tumesimama. Alikuwa na jembe begani. Bei ya mchele ilikuwa imepanda mwaka ule na alishasema nyumbani kwamba tuta likizibwa shamba linaweza kujaribiwa tena, chumvi itakuwa imeoshwa. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anatazama maji yanavyopita kwenye tobo.

"Utaziba?" shangazi akamuuliza.

Alikaa kimya kitambo. Jembe hakulishusha.

"Yapwe kwanza," akasema. "Nione yanaacha nini."

Tukapanda kwenye dungu lake la zamani, sote watatu, tukakaa kuyasubiri.